Shibiri ya Mama Mkwe

Kwa desturi ya Kisukuma niliyokulia, mwanamume hamsogelei mama wa mkewe. Hamtazami usoni, hampi mkono, hali naye chungu kimoja. Wakikutana njiani, mmoja hupinda majanini na mwingine hupita akitazama chini. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo huchosha kuliko chuki. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu bila hilo hutaelewa jinsi mimi, mwalimu wa hisabati mwenye cheti na rula ya mbao ya shule, nilivyokaribia kumhamisha mama mkwe wangu kutoka mjini kwa kosa la hesabu ambayo ilikuwa sahihi.

Ilikuwa miaka ile mambo yalipoanza kufunguliwa na kila kitu kikawa ruksa. Mji wetu, Bariadi, ulikuwa bado katika mkoa wa Shinyanga. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya foleni, ambapo mche mmoja wa sabuni katika duka la ushirika ulikatwa kwa uzi ili watu wanane wapate, na wa tisa akarudi nyumbani na majani ya mpapai. Halafu ghafla maduka yakajaa. Sabuni za rangi ya waridi zikaletwa kutoka Kenya, mitumba ikamwagwa chini sokoni, na watu binafsi wakaja kununua pamba na mizani zao wenyewe. Watu walifurahi. Mama mkwe alifurahi kidogo tu, maana katika miaka ya shida ni yeye aliyekuwa akiusafisha mtaa mzima kwa sabuni yake ya majivu na mafuta ya mbegu za pamba, na sasa nani angeitaka tena ile sabuni nyeusi inayonuka kama ngozi mbichi?

Hakulia. Alipanda basi akaenda Mwanza, akauliza huku na huko, akarudi na fuko la sabuni ghafi. Ilikuwa ya mabonge meupe, makubwa kama viazi vitamu. Kazi yake ilikuwa kuiyeyusha kwa moto mdogo, kutia maji ya majani ya mwarobaini, kuimimina kwenye kalibu, kuiacha igande na kuikata miche. Kalibu yake ilikuwa boksi la mbao alilochongewa na fundi wa milango, nalo alilitandika nailoni ndani ili sabuni isigande kwenye mbao. Boksi moja lilitoa miche arobaini. Nani alimfundisha? Aliuliza. Kuuliza si ujinga, na katika maisha yangu sijamwona mtu aliyeuliza bila haya kama yule mama.

Alikuwa mjane. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Somanda, karibu na hospitali, vyumba viwili na banda la uani. Mke wangu, binti yake wa pekee, alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, na kwa kuwa nyumba za kupanga zilikuwa haba tulijikuta tumepanga ua wa pili. Kukaa karibu hivyo na mkwe si jambo la kusifiwa. Kati yetu palikuwa na ukuta wa tofali mbichi, mrefu kuliko mtu, na ukuta ule ndio uliotuwezesha kuishi kama watu wenye adabu.

Ndugu wa marehemu mumewe walikuwa Sola, huko Maswa, watu wa pamba na ng'ombe. Walimtaka arudi kwao. Hawakuwa na ubaya, walisema tu ukweli wanaoujua: mjane hakai mjini peke yake, huyu atakula nini? Yeye aliwaomba wamngoje mpaka baada ya mavuno. Akiwa na kazi inayomweka, atabaki. Asipokuwa nayo, watakuja kumchukua, naye atafunga mzigo bila ubishi. Shemeji yake mkubwa akakubali, akaitaja na siku atakayokuja.

Kazi yenyewe ilikuwa moja. Sista mkuu wa zahanati fulani ya misheni alikuwa akitafuta sabuni kwa ajili ya wodi ya wazazi. Alimwambia mama mkwe, "Niletee miche arobaini Alhamisi. Iwe sawasawa yote, isiyo na ufa. Nikiipenda, utaniletea kila mwezi. Nisipoipenda, nitanunua ya dukani." Fuko la mabonge lilikuwa la kujaza kalibu mara mbili, kwa kukisia. Pesa ya kwenda Mwanza tena haikuwapo, wala muda.

Kisha kuna tabia mbili za sabuni ile ambazo lazima nizieleze. Ya kwanza, haipendi kuyeyushwa mara mbili. Ikirudi motoni hugeuka njano na kuvutika kama utomvu, kwa hiyo unayeyusha ile tu unayoihitaji. Ya pili, haipendi kumiminwa mara mbili. Ukimimina ikapungua, ukaja kuongezea juu ya ile iliyokwisha kushika ngozi, haziungani. Mche utauona mzuri, lakini ukiukata hufunguka pale kwenye mshono kama kitabu. Basi swali lilikuwa hili: kalibu ile inakula sabuni kiasi gani?

Mke wangu alilileta swali hilo jioni moja wakati wa chakula, kama mazungumzo tu. Mimi nikaweka tonge chini.

"Mayu atajuaje?" nikauliza. Mayu ndiyo mama, kwa Kisukuma.

"Anasema atajaza maji, ahesabu kwa kibuyu."

Nikacheka. Mungu anisamehe kicheko kile. Nilikuwa kijana, nilikuwa nimefundisha ujazo wa mche mstatili wiki ileile, na nilikuwa na hasira ndogo ndogo za mtu aliyesoma anayelipwa mshahara usiotosha. Nikasema, "Vibuyu ni kubahatisha. Mwambie anipe urefu, upana na kina. Nitamletea jibu ambalo hata Chuo Kikuu hawatalibadilisha."

Kwenda mwenyewe na rula kwenye banda la mkwe lilikuwa jambo lisilofikirika, na kumpa mke wangu rula aende nayo hakukunijia akilini. Mke wangu akaenda, akarudi na vipimo kama alivyopewa: urefu shibiri mbili, upana shibiri moja, kina nusu shibiri mpaka kwenye alama ya kujazia. Nikamwambia atandaze mkono wake juu ya meza. Nikaweka rula kuanzia ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Sentimita ishirini kamili. Arobaini mara ishirini mara kumi: elfu nane. Lita nane! Hesabu inapotoka bila mkia namna ile, mwalimu huona kama Mungu amempigia makofi. Nikaandika kwenye karatasi, nikapiga mstari chini mara mbili, nikampelekea pamoja na jagi la lita moja nililoazima shuleni.

Jumamosi akayeyusha majagi manane, akamimina. Sabuni ikapungua karibu vidole viwili kufika alama.

Nilisikia kelele upande wa pili wa ukuta, mke wangu akikimbia huku na huko, mkaa ukipepewa. Waliyeyusha mengine haraka haraka, lakini haraka haina baraka, na mpaka yanalainika ile ya kwanza ilikuwa imeshika ngozi. Wakamimina hivyohivyo. Jumatatu mama mkwe akakata kwa waya. Mke wangu alirudi ameshika mche mmoja mkononi. Aliuvunja mbele yangu, nao ukaachana katikati, ukabaki vipande viwili laini, kila kimoja kikiwa na uso wake.

Nikachukua karatasi. Nikazidisha upya. Elfu nane. Nikazidisha kwa kuanzia kina. Elfu nane. Nikakasirika. "Mama yako amemwaga," nikasema.

"Hakumwaga hata tone."

"Basi jagi halikujaa."

"Lilijaa. Alikuwa anapita na kisu juu." Kisha akaketi, akamnyonyesha mtoto, na bila kunitazama akasema jambo ambalo sijalisahau. "Nikwambie? Mayu alikuwa ameshajaza maji kabla karatasi yako haijafika. Jagi lilipofika akalilinganisha na kibuyu chake, akaona kabisa kwamba majagi manane hayatoshi. Nikamwambia aache karatasi afuate maji. Akasema neno la mkwe halirudishwi. Akasema huyu amesoma, huenda sabuni haifuati maji, huenda kuna kitu anakiona ambacho mimi sikioni. Akayamwaga maji."

Niliona aibu. Mama yule alikuwa ameweka nyumba yake, mji wake na uzee wake kwenye karatasi yangu, na alifanya hivyo akijua. Hakufanya hivyo kwa sababu aliiamini hesabu. Alifanya hivyo ili nisidharauliwe ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nilikuwa mtu mzima mwenye mtoto, na nililia.

Jumanne asubuhi sikwenda kazini. Niliaga kwamba ninaumwa, na haukuwa uongo mkubwa. Nikachukua kigoda, nikakaa nimeupa mgongo ukuta ule. Upande wa pili nilisikia hatua zake. Nikakohoa ili ajue nipo. Mke wangu alisimama kwenye upenyo wa ukuta, mguu mmoja kwao na mmoja kwetu, maana mkwe na mkwe hawasemezani moja kwa moja hata wakisikiana kila neno.

"Mwangaluka, mayu," nilitoa salamu ya asubuhi kumwambia mke wangu.

"Mwangaluka," akajibu mama mkwe kumwambia binti yake.

"Mwambie mama nimekosa. Mwambie apime kwa njia yake, nami naomba kujifunza."

Kisha sauti yake, ya chini na yenye mkwaruzo wa moshi: "Muulize mwalimu, alipima shibiri ya nani?"

"Yako," nikamwambia mke wangu.

Mke wangu akautazama mkono wake, akageuka kumtazama mama yake, nami nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu nioe. Mama mkwe alicheka. Alicheka mpaka akaanza kukohoa, mpaka kuku wakaruka.

"Wewe mkono wako wa kushika kalamu," akamwambia binti yake. "Mimi nimelima kwa huu mkono, nimechuma pamba, nimekamua ng'ombe wa baba yako. Mwambie mwalimu hesabu yake ni nzuri. Ni mkono wangu ndio mkubwa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe kosa lilikuwa hapo tu, na lilikuwa dogo, tofauti ya ukucha au kucha mbili, lakini kosa dogo likizidishwa mara tatu, kwa urefu, kwa upana na kwa kina, linakula robo nzima ya boksi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wanafunzi hilo. Na mimi mwenyewe nisingeweza kulizuia, kwa sababu mkono wa mkwe ndio mkono pekee duniani ambao sikuruhusiwa kuupima.

Sasa ngoja nieleze alichokifanya, kama nilivyosikia kwa masikio na kama mke wangu alivyonieleza kutoka pale upenyoni. Tatizo lilikuwa limebadilika. Mabonge yaliyobaki yalikuwa nusu ya fuko, zaidi au pungufu. Je, yangetosha kalibu moja kamili? Kama hayatoshi, ilikuwa bora kutoyawasha moto kabisa. Na mabonge hayapimiki kwa debe. Yamekaa yakiachiana nafasi kama wake wenza. Ukijaza debe la mabonge, ukiyayeyusha unapata zaidi kidogo ya nusu.

Alijaza kalibu maji mpaka kwenye alama. Akachukua pipa lililokatwa nusu, lenye maji kidogo, akapiga mstari wa mkaa pale maji yalipoishia. Akamimina maji yote ya kalibu mle pipani. Yakapanda. Akapiga mstari wa pili. Kisha akayachota tena mpaka yakarudi kwenye mstari wa kwanza.

"Anafanya nini?" nikauliza. "Mbona anayatoa tena?"

"Tulia, mwalimu," akasema mke wangu.

Akaanza kutia mabonge majini, moja moja, akiyazamisha kwa mwiko yasiinue kichwa. Kila bonge liliposhuka, maji yalipanda. Nikaelewa. Nikainuka kwenye kigoda, nikakaa tena, nikainuka. Mabonge yakiyapandisha maji kutoka mstari wa kwanza hadi wa pili, basi hapo pipani mna sabuni inayolingana na kalibu, bila rula, bila shibiri, bila kuwasha moto. Nilikuwa nimesoma jambo hilo kitabuni, nikalikariri, nikalijibia mtihani. Yeye hakuwa amekaa darasani hata siku moja.

"Muulize alijifunza wapi."

"Beseni la kuogeshea watoto," likaja jibu. "Mtoto mnene humwaga maji kuliko mwembamba. Mwalimu hajaogesha mtoto?"

Sikuwa nimemwogesha. Tangu wiki ile nilianza.

Mabonge yalikuwa yakiisha fukoni na maji hayajafika. Nilisikia mkono wake ukipapasa chini ya fuko. "Yamebaki manne," mke wangu akanong'ona. Bonge likaingia. "Matatu." "Mawili. Yamegusa mstari, mayu! Yamegusa!"

"Na moja la sufuria," mama mkwe akasema, akalitia la ziada. "Sufuria nayo hula. Usipoilisha, itakula cha wenzake." Likabaki bonge moja fukoni. Aliyatoa yote upesi, akayafuta kwa kanga, akayatandaza kwenye mkeka yapate upepo. Mchana uleule akayeyusha na kumimina mara moja tu. Sabuni ikasimama kwenye alama kama imeamriwa.

Shemeji yake aliwasili Jumatano kwa basi, na fimbo yake na kofia yake, tayari kusafiri na mtu. Alikaribishwa, akala, akalala. Alhamisi ikamkuta amekaa uani wakati sista anafika mwenyewe, bila kungoja kuletewa. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu upande wa pili, nimeomba ruhusa tena shuleni, ya uongo safari hii. Nilisikia miche ikigongana, nikasikia mmoja ukivunjwa.

"Umevunjika vibaya," akasema sista. "Haukufuata mstari wowote." Niliinuka nusu kutoka kwenye kigoda. "Vizuri. Hivyo ndivyo sabuni inavyotakiwa kuvunjika. Mwezi ujao niletee arobaini nyingine, mama."

"Wabeja," akasema mama mkwe. Asante, neno moja tu, tena kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyepewa chumvi na jirani.

Halafu shemeji akauliza kama ile miche ya kwanza iliyoachana ilikuwa na kazi. Akaambiwa achukue. Akaondoka kwenda Sola na vipande sita kwenye mfuko, peke yake, na sikusikia tena habari za kumchukua mtu.

Jioni ile mke wangu aliingia na sinia limefunikwa kitambaa. "Mayu amekuletea," akasema. Nilidhani ni chakula. Nilipofunua, niliona sabuni, bamba jembamba la masalio ya kukata pamoja na lile bonge la mwisho, alivyoviyeyusha na kuvimimina siniani. Katikati, kabla haijaganda, alikuwa ameutandaza mkono wake na kuukandamiza. Kidole gumba kilikuwa huku, kidole cha mwisho kule, na mistari yote ya kiganja ikionekana, na kovu la panga karibu na kifundo.

"Anasema, siku nyingine mwalimu akitaka kupima, apime huu."

Nilichukua rula. Sentimita ishirini na mbili. Nikakaa nikazidisha: arobaini na nne, mara ishirini na mbili, mara kumi na moja. Lita kumi na nusu na kidogo juu yake. Nikamtuma mke wangu akaulize vibuyu vyake siku ile vilikuwa vingapi, tukapima kibuyu kwa jagi la shule. Ilikuwa ileile, na kile kidogo cha juu kilikuwamo.

Aliishi Somanda mpaka mwisho wake, kwa kazi yake, nyumbani kwake. Katika miaka yote ile sikumpa mkono, si kwa salamu, si kwa sikukuu, wala siku ile ya mwisho hospitalini, nilipobaki nje ya mlango kama inavyopasa. Bamba la sabuni ninalo hadi leo, juu ya kabati. Sabuni ikikaa hukauka na kusinyaa, kwa hiyo mkono ule umepungua mwaka hadi mwaka, na nilipoupima mwezi uliopita ulikuwa mdogo kuliko ule wa mke wangu wa siku zile. Wajukuu hujaribisha viganja vyao mle ndani wakilingana, nami nawaacha. Mimi sijawahi kuweka changu. Nampima kwa rula tu, tena nikiishika juu juu, isimguse.